Namna ya kumwekea muziki mama anayejifungua kwa upasuaji

Mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa amechomwa ganzi ya mgongoni huwa macho muda wote. Hahisi maumivu ya kisu, lakini husikia milio ya mashine, mgongano wa vyombo na kila neno linalosemwa juu ya tumbo lake. Sisi tunaotoa dawa za usingizi na ganzi ndio tunaoketi kichwani pake, kwa hiyo ni vyema kazi ya muziki iwe mikononi mwetu. Msimamo wangu ni kwamba muziki huo ni wa mama kwanza; wahudumu wanausikiliza kwa ruhusa yake.

Hatua ya 1: Muulize mapema, akiwa bado wodini.
Usingoje mpaka awe ameinama akisubiri sindano, kwani wakati huo atakubali lolote. Mwambie: "Mama, ungependa kusikia kitu gani tukiwa ndani?" Wengi huomba kwaya au taarabu, na wengine huomba kisomo cha Kurani, ambacho hupaswi kukiita muziki mbele yao. Anayetaka ukimya apewe ukimya. Usimchagulie eti kwa sababu nyimbo fulani zinasifiwa kuwa za kutuliza, ingawa asipokuwa na chaguo, muziki wa polepole usio na maneno hufaa.

Hatua ya 2: Andaa sauti kabla hajaingia.
Nyimbo ziwe zimehifadhiwa ndani ya simu, kwa sababu ukizipiga moja kwa moja kutoka intaneti, tangazo la biashara litaingia kwa kelele katikati ya kazi. Zima mtandao wa simu ili isiite. Futa spika kwa spiriti na uiweke karibu na kichwa cha mama, mbali na meza ya vyombo tasa (visivyo na vijidudu). Ikiwa anatumia vipokea sauti vya masikioni, mvishe sikio moja tu. Ganzi ya mgongoni mara nyingi hushusha shinikizo la damu, na dalili ya kwanza huweza kuwa mama kusema kwa sauti ndogo kwamba anasikia kichefuchefu; lazima umsikie, naye akusikie unapomjibu.

Hatua ya 3: Pima sauti kwa mlio wa mashine.
Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni hutoa mlio unaozidi kuwa mzito kadiri oksijeni inavyopungua kwenye damu. Simama mahali unapofanyia kazi, weka wimbo, kisha ugeuze uso usiitazame skrini. Ikiwa huwezi kutambua mlio huo, punguza muziki, na kamwe usipunguze mlio wa mashine ili wimbo usikike vizuri. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 70, ulioonyesha kwamba muziki hupunguza maumivu na wasiwasi baada ya upasuaji. Mwaka huohuo watafiti wa London, waliochunguza video za upasuaji 20, waliona kwamba muziki unapopigwa, wahudumu hulazimika zaidi kurudia maombi yao. Faida na hatari zimo katika chumba kimoja, na kinachozitenganisha kwa sehemu kubwa ni kiwango cha sauti.

Hatua ya 4: Kubalianeni lini muziki unazimwa.
Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vituo vitatu: kabla ya ganzi, kabla ya kupasua na kabla ya mgonjwa kuondoka chumbani. Katika vyote hivyo muziki uzimwe. Uzimwe pia wakati wa kuhesabu vitambaa na sindano, na damu inapotoka zaidi ya kawaida. Mhudumu yeyote, hata mwanafunzi, awe na haki ya kusema "zima muziki", na uzimwe papo hapo bila kuulizwa sababu.

Hatua ya 5: Punguza mtoto anapokaribia kutoka.
Mama anasubiri kilio cha kwanza cha mtoto, na mkunga anakihitaji ili kujua kama mtoto anapumua. Muziki urudi baada ya mtoto kukaguliwa, iwapo mama bado anautaka.

Tumbo linaposhonwa, mwulize tena, kwa kuwa hapo ndipo wengi huchoka kulala chali na kuanza kutetemeka. Kisha andika kwenye faili lake alichochagua, ili wauguzi wa chumba cha uangalizi waweze kumwekea kichohicho.