Namna ya Kuisoma Riwaya ya "1984" katika Darasa la Kiingereza

Sentensi ya kwanza ya riwaya ya George Orwell iitwayo "1984" inasema kwamba ilikuwa siku ya Aprili, angavu na yenye baridi, na saa zilikuwa zikigonga kumi na tatu. Kila ninapoisoma sentensi hiyo mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano, wengi wao huandika pembeni mwa ukurasa: saa saba mchana. Hesabu yao ni sahihi, maana sisi tumezoea tangu utotoni kuzigeuza saa za Kizungu kuwa za Kiswahili bila hata kufikiri, lakini kwa kuigeuza saa hiyo upesi wanapitwa na jambo ambalo mwandishi alitaka limshtue msomaji wake. Saa ya mnara ya Kiingereza hugonga mara moja hadi mara kumi na mbili, kisha huanza upya. Ikigonga mara ya kumi na tatu, Mwingereza hujua kwamba imeharibika na kwamba hata milio yake iliyotangulia si ya kuaminiwa. Kwa neno hilo moja mwandishi amekwisha kutuingiza katika mji unaoitwa London, ambao kuna kitu ndani yake hakiko sawa, na ambao wakazi wake wamekwisha kuacha kushangaa.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu unaonyesha kazi halisi ya kusoma riwaya ya distopia, yaani riwaya inayojenga jamii ya kubuni ambamo maovu ya zama za mwandishi yamekuzwa hadi yakatawala kila sehemu ya maisha. Wanafunzi wengi huisoma riwaya ya namna hii kama orodha ya dhamira: udikteta, upelelezi, propaganda, ukosefu wa uhuru. Dhamira hizo ni za kweli, lakini mtu anaweza kuzitaja zote bila kukifungua kitabu, na mtahini anayesahihisha mamia ya karatasi hulitambua hilo katika aya ya kwanza. Ushauri wangu wote katika mwongozo huu unatokana na imani moja, kwamba kitabu hiki kinahusu maneno na kile kinachoweza kutendewa maneno, na kwamba asiyeyasoma maneno yake kwa makini hajakisoma.

Anza kwa kupanga muda. Riwaya imegawanywa katika sehemu tatu zenye sura 8, 10 na 6, jumla 24, na mwishoni kuna kiambatisho kuhusu lugha mpya ya Chama, yaani chama kinachotawala nchi ya riwaya. Wiki nne zinatosha kwa usomaji wa kwanza, sura sita kila wiki, mradi sura ya 9 ya sehemu ya pili ipewe siku zake yenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna kurasa nyingi za kitabu kingine cha kubuni kinachoeleza jinsi mataifa matatu makubwa yanavyoendesha vita visivyokwisha. Wanafunzi wengi hukwama hapo na wengine huacha kabisa. Usiiache, lakini pia usijilazimishe kuikariri. Andika hoja zake kuu tatu au nne kwa Kiswahili, kisha endelea. Katika usomaji huo wa kwanza usifungue kamusi kwa kila neno. Pigia mstari maneno magumu, fungua kamusi kwa yale tu yanayorudiarudia, na uache simulizi ikuchukue. Mwalimu naye ajue mapema kwamba sehemu ya tatu ina mateso makali, na kwamba ni vyema kuwaandaa wanafunzi kabla hawajaifikia wakiwa peke yao usiku.

Muktadha wa kihistoria ni wa lazima, ila usikubali ukimeze kitabu. Orwell, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eric Arthur Blair, alizaliwa mwaka 1903 nchini India chini ya utawala wa Waingereza, akawa polisi wa mkoloni huko Burma, akapigana upande wa jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ambako aliona magazeti yakiandika habari za mapigano ambayo hayakuwahi kutokea. Kati ya mwaka 1941 na 1943 aliandaa vipindi vya redio vya BBC vilivyorushwa kwenda India, kazi iliyomfanya aijue propaganda ya nchi yake kutoka ndani. Riwaya yenyewe aliiandika akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, sehemu kubwa katika kisiwa cha Jura nchini Scotland. Ilichapishwa Juni 1949, naye akafariki Januari 1950. Ongeza hapo kesi za Moscow za miaka ya 1936 hadi 1938, ambamo wanamapinduzi wa zamani walikiri makosa ambayo hawakuyatenda, na picha za Urusi ya Stalin ambazo watu waliouawa walifutwa ndani yake, na utakuwa na vya kutosha. Baada ya hapo kila jambo la historia unalolitaja katika insha lifungwe na ukurasa wa riwaya. Ukizitaja kesi za Moscow, zitaje pale ambapo Winston, mhusika mkuu, anashika mkononi picha ya gazeti inayothibitisha kwamba watu watatu waliokiri usaliti walikuwa New York siku ile ile waliyodai kuwa kwa adui, na ambapo hana la kufanya nayo isipokuwa kuitupa motoni.

Usomaji wa pili ndio wenye faida, na hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi watumie daftari tofauti. Wasiandike muhtasari wa sura, kwa kuwa muhtasari umekwisha kupatikana kila mahali. Wachague vitu vidogo vitatu au vinne na kuvifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, wakiandika sura na maneno yaliyotumika kila kitu hicho kinapojitokeza. Kidonda cha mguuni mwa Winston ni kimoja, kwa sababu kinapona kidogo anapokuwa na Julia, mpenzi wake, na kuoza anapokuwa gerezani. Panya ni kingine. Maneno "mahali pasipo na giza", ambayo Winston anayashika kama ahadi ya tumaini, yanafaa sana, kwa kuwa mwishoni tunagundua mahali hapo ni seli za Wizara ya Upendo, yaani gereza la mateso la Chama, ambamo taa hazizimwi kamwe.

Lakini kama ningeruhusiwa kuchagua kitu kimoja tu, ningechagua kile kipande cha kioo kizito cha kuwekea juu ya karatasi, ambacho Winston anakinunua kwa dola nne katika duka la vitu vikuukuu katika sura ya 8 ya sehemu ya kwanza. Ndani ya kioo hicho kuna kipande cha marijani, na muuza duka anamwambia kwamba bila shaka kilitoka Bahari ya Hindi. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Lindi hana budi kusimama hapo. Katika mji ambao kila kitu kimetengenezwa na Chama au kimeharibiwa na Chama, kitu pekee kizuri kimetoka katika bahari yetu, kabla ya Chama kuwapo, na thamani yake kwa Winston ni kwamba hakina kazi yoyote. Katika sura ya 4 ya sehemu ya pili anakitazama akiwa katika chumba cha siri na kuona kwamba kioo ni chumba kile, na marijani ni maisha yake na ya Julia yaliyotulia katikati, yasiyofikiwa na mtu. Katika sura ya 10 askari wanaingia, mmoja wao anakivunja juu ya jiwe la mekoni, na kipande cha marijani kinabiringika mkekani, chekundu cha kufifia, kidogo kama ua la sukari juu ya keki. Winston anawaza jinsi kilivyokuwa kidogo siku zote.

Tazama sasa unavyoweza kuandika aya nzima kutokana na hapo bila kutumia neno "udikteta" hata mara moja. Kioo ndicho kilichokuwa kikimfanya Winston aone marijani kuwa kubwa; kilipovunjika, alikiona kitu kile kile kwa ukubwa wake wa kweli. Je, mwandishi anasema kwamba mapenzi yao yalikuwa madogo, au kwamba kila kitu chenye thamani huonekana kidogo kinapotazamwa kwa jicho la anayekivunja? Mwanafunzi anayeuliza swali hilo na kujaribu kulijibu kwa maneno ya ukurasa amekwisha kuandika insha ya Kiingereza, hata kama sarufi yake bado inayumba. Na muuza duka aliyekisifu kioo hicho kwa upole alikuwa polisi wa fikra, yaani mmoja wa wanaowasaka wenye mawazo ya kukipinga Chama, jambo linalotulazimu kurudi nyuma na kuyasoma maneno yake yote upya.

Sisi tunaosoma kwa lugha mbili tuna faida ambayo walimu wengi hawaitumii. Wakati wa majadiliano, waacheni wanafunzi wabishane kwanza kwa Kiswahili, kisha wahamishe hoja zao katika Kiingereza. Wapeni neno "comrade" walitafsiri, na wengi watasema "ndugu". Waulize wazazi wao au babu zao waliokua Tanzania ya miaka ya 1970 neno hilo lilivyotumika kabla ya majina ya watu katika mikutano na barua za serikali, lilivyobeba usawa kwa wengine na utaratibu kwa wengine. Halafu warudi kwenye ukurasa ambao Winston anamwita jirani yake Bi Parsons, ingawa Chama kinataka kila mtu aitwe kwa neno moja, na wajiulize kwa nini mwandishi alijali jambo dogo kama hilo. Vivyo hivyo kwa jina la mtawala. Angeweza kuitwa baba. Ameitwa kaka mkubwa. Katika familia zetu kaka mkubwa ndiye anayeshika nafasi ya baba asipokuwapo, na mwanafunzi anayeijua hali hiyo nyumbani kwake ana la kusema kuhusu upendo uliochanganyika na hofu.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote linatoka katika kiambatisho. Lugha mpya ya Chama, ambayo kitabu kinaiita Newspeak, inapunguza maneno kila mwaka ili hatimaye fikra za uasi zikose pa kukaa. Kiambatisho kinaeleza kwamba neno "free" limebakizwa, lakini kwa maana moja tu, kama mtu anaposema kwamba mbwa hana chawa. Waambie wanafunzi waitafsiri sentensi hiyo. Wataandika "mbwa hana chawa", na neno "huru" halitaonekana popote. Kwa Kiingereza ganda la neno limebaki na kiini kimetolewa. Kwa Kiswahili neno lingetoweka lote, kwa kuwa "free" ya Kiingereza sisi tumeigawa katika huru, bure, wazi na nafasi. Nimewahi kuona darasa lililokuwa limechoka likaamka kwa dakika arobaini kwa sababu ya mbwa huyo na chawa wake, na walipomaliza hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini Orwell alimfanya mhusika wake Syme, anayetunga kamusi, ajivunie uharibifu wa maneno.

Katika kuandika insha, kuna makosa mawili yanayotokana moja kwa moja na Kiswahili chetu, na yote yanarekebishika. La kwanza ni viwakilishi: kiambishi "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo Winston na Julia hubadilishana jinsia katika insha nyingi hadi mtahini hajui nani amefanya nini. Ukimaliza kuandika, pitia insha yako mara moja kwa ajili ya jambo hilo pekee. La pili ni njeo. Habari za riwaya kwa Kiingereza huandikwa kwa wakati uliopo, ilhali mazoea ya hadithi zetu hutuvuta kwenye wakati uliopita. Kuhusu nukuu, chukua fupi, maneno matatu hadi kumi, kisha uyaeleze. Nukuu ndefu isiyoelezwa ni nafasi iliyopotea.

Chagua pia ushahidi ambao si kila mtu ameutaja. Kauli mbiu tatu za Chama zimo katika kila insha. Mgao wa chokoleti haumo. Leo inatangazwa kwamba mgao utapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki, na siku inayofuata watu wanaandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuuongeza hadi gramu 20, huku Winston akiwatazama wenzake mezani na kujiuliza kama ni yeye peke yake mwenye kumbukumbu. Waingereza waliosoma kurasa hizo mwaka 1949 waliujua vyema mgao wa peremende, ambao ulikoma kabisa mwaka 1953 tu.

Mwisho, rudi kwenye kiambatisho, ukisome kwa sauti na usikilize vitenzi vyake. Klabu ya vitabu ya Marekani ilipotaka kukichapisha kitabu bila kiambatisho na bila zile kurasa ndefu za sura ya 9, Orwell alikataa ingawa alijua anaweza kupoteza fedha nyingi. Hadithi yenyewe inaisha kwa sentensi fupi inayosema kwamba Winston alimpenda Kaka Mkubwa, na wengi hufunga kitabu hapo wakiwa na huzuni. Lakini kiambatisho, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida chenye maneno yake yote, kinaizungumzia Newspeak kwa wakati uliopita: ilikuwa lugha rasmi, ilikusudiwa ikamilike kufikia mwaka 2050. Nani anaandika maneno hayo, na lini, ikiwa Chama kilishinda? Wanafunzi wangu wamegawanyika juu ya swali hilo kila mwaka. Liandike juu ya ukurasa mtupu wa daftari lako, usome kurasa za kiambatisho hadi mwisho, kisha ujibu kwa kutaja vitenzi.