Matandazo ya beri nyeusi: acha kiganja kimoja

Wenye beri nyeusi bustanini, tandazeni nyasi kavu unene wa sentimita 8 hadi 10, ila acheni kiganja kimoja kuzunguka shina, lisije likaoza. Mizizi ya beri iko juujuu: jua huikausha upesi na jembe huikata, na kila ulipoikata huchomoza chipukizi usilolitaka. Chini ya matandazo magugu hukosa mwanga, jembe linabaki stoo. Katika aina nyingi, tawi lililokwisha kuzaa halizai tena. Likate usawa wa udongo, ulitoe nje kabisa. Usiligeuze matandazo, maana hubeba ukungu. Penye udongo unaotuamisha maji njia hii haifai. Penye mchwa, punguza unene na ufunue kukagua kila wiki.