Somo: Jiandae kwa ukaguzi wa kliniki ya urembo kwa kufuata faili moja

Ukaguzi ukikaribia, kliniki nyingi hukimbilia kupaka rangi ukuta na kubadilisha mapazia. Mkaguzi mzoefu hana haja na mapazia. Huchomoa faili la mteja mmoja na kulifuata tangu mteja alipoingia mlangoni mpaka alipopona. Mimi ni muuguzi, nimepitia kaguzi kadhaa, na njia niliyoiona inasaidia kweli ni hiyohiyo ya mkaguzi: lifuate faili hilo wewe kwanza.

Hatua ya 1: Chomoa faili, usilichague. Mwambie mtu wa mapokezi akuletee faili lolote la mteja aliyechomwa botoksi (dawa ya kulegeza misuli ili mikunjo ipungue) au fila (jeli ya kujaza ngozi) miezi mitatu iliyopita. Ukichagua mwenyewe utachukua lile unalojua limekaa vizuri.

Hatua ya 2: Soma yaliyozungumzwa kabla ya sindano. Je, aliulizwa kuhusu ujauzito, kunyonyesha, mzio, dawa za kuzuia damu kuganda, magonjwa ya neva na misuli, malengelenge ya mdomoni? Alielezwa madhara, na kwamba anaweza kuondoka bila kufanyiwa chochote? Halafu tazama saa aliyosaini ridhaa. Kama alisaini akiwa tayari amelala kitandani, ganzi imeshapakwa na sindano imeshavutwa dawa, mimi hiyo siiti ridhaa.

Hapa ongeza faili la pili: la mtu mliyemkatalia. Kliniki ambayo haijawahi kumwambia mteja "hapana, hili halikufai" inanitia wasiwasi kuliko ile yenye sakafu chafu.

Hatua ya 3: Fuata namba ya toleo, yaani namba ya fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja (batch). Kutoka kwenye faili nenda kwenye boksi la dawa, kutoka kwenye boksi nenda kwenye ankara, kutoka kwenye ankara nenda kwa muuzaji mwenye kibali. Uzi ukikatika popote, hujui ulimchoma nini mtu huyo, na dawa bandia hupita kwenye pengo kama hilo. Kisha geuza: shika namba moja ya toleo na utafute wateja wote walioipata. Mtengenezaji akilirudisha toleo hilo kesho, utawapigia simu akina nani?

Hatua ya 4: Friji. Naomba tukae hapa kidogo. Chupa za botoksi ambazo hazijachanganywa kwa kawaida hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Fila nyingi za asidi ya haialuroniki hazihitaji friji, ila zisizidi nyuzi 25. Soma boksi la kila moja. Kliniki moja niliyofanyia kazi ilikuwa na daftari la joto la kupendeza: kila siku 5, kila siku 5, wino uleule, mwandiko uleule. Tulipoweka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, asubuhi ya kwanza tukakuta usiku ilifika 11. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtu alikuwa akijaza wiki nzima Ijumaa jioni, na friji ilikuwa ya jikoni, mlango umejaa chupa za maji. Tulizitenga dawa zote, tukamuuliza mtengenezaji, nyingi zikateketezwa. Iliuma, lakini kilichoniuma zaidi ni wateja waliokuwa wamekwisha kuchomwa.

Kwa hiyo: friji ya dawa iwe ya dawa tu, joto lisomwe kila siku ya kazi, aliyesoma asaini, na pembeni paandikwe la kufanya likitoka nje ya kiwango.

Hatua ya 5: Vifaa. Vifaa vinavyotumika tena vipitie otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3, na kumbukumbu za kila mzunguko zitunzwe. Utepe wa kwenye pakiti uliobadilika rangi unaonyesha kwamba pakiti ilipata joto tu. Hauthibitishi kuwa vijidudu vimekufa. Boksi la sindano zilizotumika lifungwe likifika robo tatu.

Hatua ya 6: Dharura, kwa saa mkononi. Usiulize "tuna boksi la dharura?" Sema: "Mteja wa fila ya pua analia kwa maumivu, ngozi imepauka na inaanza kuwa na mistari ya zambarau kama wavu." Kisha nyamaza, hesabu dakika. Fila imeziba mshipa wa damu. Nani anaacha kuchoma papo hapo? Haialuronidesi, dawa ya kuyeyusha fila ya asidi ya haialuroniki, iko wapi, muda wake haujaisha, nani anajua kipimo? Mteja akisema haoni vizuri, gari na hospitali ya macho vinajulikana? Jicho halisubiri mtu atafute namba ya simu. Rudia zoezi kwa mshtuko wa mzio: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu.

Hatua ya 7: Leza, kama mnayo. Miwani ya kinga lazima ilingane na urefu wa wimbi la mashine. Miwani ya nanomita 755 si lazima ikukinge na 1064. Kwa ngozi nyeusi angalia kama jaribio la sehemu ndogo lilifanyika na limeandikwa, kwa sababu melanini (rangi ya asili ya ngozi) hunyonya mwanga na ngozi huungua.

Hatua ya 8: Baada ya kuondoka. Alipigiwa simu? Alilalamika? Andikeni pia yale yaliyoponea chupuchupu.

Maswali ya wanachama

*Dada, haialuronidesi yetu imeisha muda mara mbili bila kuguswa. Ni hasara. Lazima tununue tena?*

Lazima, ndugu yangu, na chupa moja ya yuniti 1,500 inaweza isitoshe, maana mshipa ukiziba dozi huwa kubwa na hurudiwa. Kama bajeti haibebi hiyo, acheni kuchoma fila kwa sasa.

*Tumekuta mafaili yenye nafasi tupu. Tujaze kabla mkaguzi hajafika?*

Msijaze kana kwamba iliandikwa siku ile. Andikeni tarehe ya leo, "imeongezwa baadaye", mnachokumbuka kwa hakika, na saini. Msichokikumbuka kiacheni wazi, kisha onyesheni mlichobadilisha ili kisijirudie.

*Mimi ni mmiliki, sikusomea afya. Nawezaje kumkagua daktari wangu?*

Hukagui mkono wake. Mwombe leseni, uthibitishe mwenyewe kwenye rejista ya baraza la taaluma yake, utazame tarehe ya mwisho na kama inamruhusu kazi anayofanya. Kisha mwombe orodha ya wateja wake waliopata madhara mwaka huu. Akikujibu hakuna hata mmoja, ilhali anachoma kila siku, kaa naye mfungue mafaili ishirini pamoja, mkianza na ya wateja ambao hawakurudi.