Kabla Homa Haijakukuta Homu

Usiku ule tulikuwa wanne chumbani kwetu homu, yaani bweni la chuo, na mmoja wetu alitetemeka hadi kitanda cha chuma kikawa kinalia. Tulimvika majaketi yetu yote, tukamshika kwapani, tukampeleka kituo cha afya cha kampasi kwa mwanga wa simu, maana umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja. Muuguzi wa zamu alikuwa macho na dawa alikuwa nazo. Alituuliza maswali matatu tu. Ana mzio wa dawa gani? Amemeza nini tangu jana? Kwao tumpigie nani? Tukatazamana. Miaka miwili tulikuwa tunakula naye bukari (ugali) kwenye sahani moja, na hatukuwa na jibu hata moja. Majibu yote yalikuwa ndani ya simu yake, nayo ilikuwa imefungwa kwa namba za siri ambazo yeye hakuweza tena kuzitaja.

Alipona. Tangu siku hiyo, kila mdogo wangu anayekuja Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huku Kongo, kuanza masomo namwambia kitu kilekile: mambo ya daktari yaandae ukiwa mzima.

Nunua daftari dogo, kaye ya kawaida ya shule, uandike ndani yake kundi lako la damu pamoja na rhesus (alama ya + au -), dawa zinazokudhuru, magonjwa uliyonayo, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na dawa unazotumia kila siku pamoja na kipimo chake. Usiandike "kidonge cheupe cha asubuhi". Andika jina lililo kwenye boksi. Bandika humo nakala ya kadi yako ya chanjo. Ya homa ya manjano ukishachomwa mara moja inatosha maisha yote, lakini pepopunda inahitaji kurudiwa, na wengi hatukumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kisha kuna elektroforesi, kipimo cha damu kinachoonyesha selimundu. Kama hujawahi kuifanya, ifanye kabla masomo hayajakubana, ujue kama wewe ni AA (huna), AS (umeirithi kwa mzazi mmoja, huumwi) au SS (unao ugonjwa wenyewe). Mwenye SS nina neno naye kwa moyo wote, kwa sababu wengi hufika chuoni wakiificha, wakiogopa kuitwa wagonjwa. Mdogo wangu, baridi ya Lubumbashi ya Juni na Julai si ya mchezo, na baridi, kiu, uchovu na maambukizo ndivyo vinavyoamsha maumivu. Beba koti zito na chupa ya maji hadi darasani, asidi foliki isikuishie, na uende mwenyewe kituoni wiki ya kwanza ukajitambulishe. Muuguzi anayekujua hatapoteza saa nzima akitafuta malaria wakati mifupa yako ndiyo inayolia. Na mwenzako mmoja chumbani ajue. Mmoja tu anatosha.

Hiyo wiki ya kwanza ni ya kila mtu, si ya mwenye SS peke yake. Nenda kwa miguu hadi kituo cha kampasi, uone mlango uko wapi. Uliza saa za kazi, nani anabaki usiku na Jumapili, vipimo gani hufanyika palepale, na karte ya mwanafunzi inalipia nini na haigusi nini. Hapo usikubali jibu la nusu, kwa sababu mwanafunzi akidhani kila kitu kimeshalipwa ndani ya ada za chuo, ataaibika dirishani akiwa na homa ya nyuzi 39. Kituo kama hicho ni cha huduma ya kwanza. Kinachozidi uwezo wake hupelekwa mbele, iwe Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali kubwa ya Jason Sendwe. Kutoka Kasapa, iliko kampasi, hadi mjini ni mwendo, basi uwe na namba ya manseba (dereva wa teksi ya pikipiki) unayemwamini na ambaye hupokea simu usiku, na akiba kidogo ya faranga usiyoigusa hata kwa kununua vocha ya simu.

Sasa homa yenyewe. Hapa ndipo tunapojiumiza sana. Mtu anaamka na kichwa kizito, anavuka barabara, ananunua vidonge vinne vya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, bila boksi, anaongeza nusu dozi ya dawa ya malaria aliyoachiwa na rafiki, na siku ya tatu anafika kituoni. Kipimo hakisomeki tena vizuri, na muuguzi anaanza kubahatisha. Ukipata homa, pima damu kwanza. Paracetamoli unaweza kumeza, lakini vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24. Vyote ulivyomeza kabla ya kufika viseme bila aibu, hata mizizi ya bibi. Ukipewa dawa ya malaria ya artemetha-lumefantrini, dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, na vinamezwa pamoja na chakula. Ukijisikia nafuu siku ya pili ukaweka vinavyobaki kwa ajili ya mwakani, hujajitibu.

Tena msikubali haraka hukumu ya "malaria na tifoidi" inayotolewa karibu kwa kila mwenye homa. Kipimo cha Widal kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au baada ya vijidudu vingine kupita. Widal moja peke yake haithibitishi tifoidi. Uliza kwa heshima: "Docta, tunaweza kuotesha damu?", yaani kuiweka maabara ili vijidudu vyenyewe vikue na kuonekana. Wakati mwingine haiwezekani, lakini swali lenyewe humfanya anayekutibu afikiri mara ya pili.

Anayeingia laboratwari au anayekwenda staji (mafunzo ya kazi) ana maandalizi ya ziada. Wa tiba achomwe chanjo ya hepatitisi B kabla hajagusa sindano ya mtu. Ni dozi tatu, na ya mwisho huja miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo haingoji wodi. Wa kemia ajue bomba la maji liko wapi kabla hajafungua chupa ya asidi, kwa sababu jicho lililorukiwa linaoshwa palepale, dakika 15 au zaidi, ndipo anapelekwa kituoni. Na nyinyi wa jiolojia na politekniki (uhandisi) mnaorudi kutoka migodi ya Kolwezi au Likasi, mkikohoa mwambieni daktari mlikuwa wapi na mlivuta vumbi gani. Na huenda madhara ya migodi hayaishii kifuani: watafiti wa chuo chetu pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliofanyika humu mjini, wakaona uhusiano kati ya baba kufanya kazi migodini na watoto kuzaliwa na kasoro. Ukikaa kimya kuhusu mgodi, daktari ataandika "mafua". Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, mgodi uwe umeuona au hujauona.

Kuna jambo lingine linalosemwa kwa sauti ya chini, nami nitalisema wazi. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu, kondomu ikipasuka, au mtu akikubaka, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zipo, nazo zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha zinamezwa siku 28. Usingoje Jumatatu. Usingoje kuoga, kulia, kumwambia mchungaji. Kituo cha kampasi kama hakina dawa hizo, kinajua zilipo, na unayoyasema humo ni siri ya tiba. Hata dekani (mkuu wa kitivo) hana haki ya kuyauliza.

Chandarua, maji yaliyochemshwa wakati wa mvua, sabuni: hayo mama ameshakufunga nayo kwenye begi.

Daftari likishajaa, waonyeshe wenzako wa chumba mahali linapokaa. Letu tulilitundika kwa kamba kwenye msumari nyuma ya mlango, na kwenye jalada kila mmoja aliandika kwa kalamu nyeusi, kwa namba kubwa, simu ya mtu wa kwao.