Kabla mbwa hajaanza azathioprini, pimeni ini

Mbwa akiandikiwa azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu kinga yake inamshambulia mwenyewe, damu itolewe kabla ya kidonge cha kwanza, na ikiwezekana kabla ya prednisoloni pia, steroidi ambayo mara nyingi hutolewa pamoja nayo. Prednisoloni peke yake hupandisha ALP ya mbwa, na ALT kidogo (vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu); bila kipimo cha mwanzo, wiki mbili baadaye hamtajua ni dawa ipi imeligusa ini. Ombeni ALT, ALP, bilirubini, albumini na hesabu kamili ya damu.

Mombasa kupe hawana msimu. Ehrlikia na babesia (magonjwa yaletwayo na kupe) hushusha chembe sahani, zinazogandisha damu, au kuharibu chembe nyekundu, zikafanana kabisa na ugonjwa wa kinga, na ehrlikia huweza kupandisha ALT. Zipimwe kwanza. Kagueni na chakula: unga wa mahindi ulioota ukungu kwa unyevu wa pwani huweza kuwa na aflatoksini, sumu ya ini isiyokwisha kwa kuusonga ugali.

Sampuli inayovuka feri kutoka Likoni iwekwe kwenye kikasha chenye barafu, chupa ikiwa imeviringishwa kitambaa isiigusie barafu. Chembe zikipasuka, seramu huwa nyekundu na majibu hayaaminiki. Afadhali zaidi seramu itenganishwe kliniki kabla ya safari.

Dozi ya kuanzia huwa kama miligramu 2 kwa kila kilo, mara moja kwa siku: mbwa wa kilo 25, kidonge kimoja cha miligramu 50. Kwa mbwa mdogo, msikate kidonge kwa kisu cha jikoni. Mwombeni daktari dozi iliyotengenezwa maalumu kwa uzito wake. Vaeni glovu, na mjamzito asikishike. Paka hapewi dawa hii, uboho wake hauihimili. Semeni pia kama mbwa anatumia alopurinoli (dawa ya kupunguza asidi ya yuriki), maana huiongezea azathioprini ukali.

Wekeni tarehe za vipimo mapema: kila wiki mbili kwa miezi miwili ya mwanzo. Madhara ya ini mara nyingi hujitokeza ndani ya mwezi wa kwanza, tena mbwa akiwa bado anacheza. ALT ikizidi maradufu ya ile ya mwanzo, kwa kawaida daktari huisimamisha azathioprini, na ini mara nyingi hupona. Prednisoloni haikatwi ghafla. Akitapika, akikataa chakula, au weupe wa macho ukiwa manjano, msingoje tarehe; mpelekeni siku hiyohiyo.