Kabla ya Kulipia Safari ya Vijijini Pemba na Unguja: Nini cha Kulinganisha

Safari za utamaduni za watu wachache zimeongezeka Zanzibar, na kwenye matangazo zote zinafanana: kijiji, viungo, chakula cha asili, magofu, machweo. Anayetoka Dar, Mombasa au hata Mjini Unguja akitaka kufika Tumbatu, Kojani au Micheweni hujikuta na majina matatu ya kampuni na bei tatu, akachagua ya chini au yenye vituo vingi. Vipimo vyote viwili ni vibovu. Safari ya kijijini hupendeza au huharibika kwa mambo mawili ambayo tangazo halisemi: nani anakupokeeni huko, na kama saa za ratiba zinakwenda na maji na msimu. Anzeni hapo, bei ije baadaye.

Soma ratiba ukiwa na kalenda ya mwezi

Ratiba ya Zanzibar isiyotaja maji kujaa na kupwa imeandikwa na mtu wa ofisini. Siku za bamvua, zile za kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali, na kupwa kwa mchana huangukia baina ya saa nne na saa sita hivi. Hizo ndizo siku ambazo wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wanashuka pwani kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Siku za maji mafu, karibu wiki moja baadaye, maji hupwa kidogo tu, tena jioni. Ukipelekwa Jambiani au Paje saa nne asubuhi ya maji mafu kuangalia kilimo cha mwani, utaangalia bahari, na vigingi vya kufungia kamba viko chini ya maji. Kampuni haikukudanganya kuhusu mahali. Imekupeleka siku isiyo yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha chochote, andika tarehe yako, hesabu mwezi uko siku ya ngapi, kisha uliza kila kampuni swali hilohilo: "Siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, na sisi tutakuwa wapi saa hiyo?" Anayejua kazi atajibu papo hapo, au atakwambia nisubiri niangalie jedwali. Anayekujibu "usijali, tutapanga" mweke pembeni. Kumbuka pia kwamba saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ratiba iliyofaa Jumatatu haifai Ijumaa.

Maji yanaamua na safari za mashua. Kwenda Tumbatu unavukia Mkokotoni, na ufukwe wa pale maji yakitoka mashua hukaa mbali, watu wakatembea kwenye tope na mawe wakiwa na mabegi. Kwa mzee au mtoto mdogo hilo si jambo dogo. Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, hali ni kinyume: maji yakipwa unaweza kuvuka kwa miguu, yakijaa ni kisiwa. Ras Mkumbuu ni rahisi zaidi kwa boti, na waandaaji wazuri huifunga pamoja na safari ya kisiwa cha Misali kwa sababu iko upande huohuo wa magharibi ya Pemba.

Misimu nayo ina mitego yake. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndiyo maana mtu akitaka kuona karafuu kwa wingi anakwenda Pemba. Lakini mavuno makubwa huangukia nusu ya pili ya mwaka, na mwaka mmoja haulingani na mwingine. Ukija wakati wake utaona kazi yenyewe: wachumaji juu ya matawi wakivuta vikonyo kabla ua halijapasuka, jioni familia nzima imekaa barazani inachambua, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule, na asubuhi zinaanikwa juani kwenye majamvi. Ukija mwezi wa Machi utaoneshwa mti. Mwongozaji mkweli atakwambia hivyo kabla hujalipa, na badala yake atakupa kitu kingine, mathalani kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake.

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, uko Julai, pale Kae Kuu, na hausogezwi kwa ajili ya mgeni. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba hauna ratiba ya kila wiki. Anayekuahidi kuuona tarehe yoyote unayotaka, muulize kijiji gani na nani ameuandaa. Masika, Machi hadi Mei, barabara za ndani hunata. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, feri ya Unguja kwenda Pemba hutikisika sana ikifika mkondo wa Nungwi, na mwenye kuugua bahari afikirie ndege ya Chake Chake. Ramadhani mchana hakuna chakula cha kijijini, na kampuni inayoweka "chakula cha mchana kwa wenyeji" mwezi huo haijafikiri. Ijumaa, ratiba nzuri huacha nafasi kuanzia saa sita hadi saa nane.

Nani anakupokeeni

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo watu wachache wanapouliza. Kila shehia ina sheha, kiongozi wake wa serikali, na kikundi cha wageni kinachoingia kijijini bila sheha kujua hupokewa kwa mashaka. Tumbatu na Kojani hasa: ni visiwa vya wavuvi, watu wanajuana wote, na mgeni anayepita na simu akipiga picha za milango ya watu hatofurahi, wala wao hawatofurahi. Uliza: sheha amearifiwa? Kuna mtu wa kijiji mwenyewe atakayetembea nasi? Analipwa kiasi gani, na nani anamlipa? Kampuni inayolipa mwenyeji kwa bei inayojulikana haitaona tabu kukutajia. Inayotegemea bahashishi ya wageni itazungukazunguka.

La pili: kuna mwanamke mwongozaji? Tangazo linasema "mtajifunza kupika na akina mama". Nyumba nyingi za shamba, mwanamme mgeni hakai jikoni. Kikundi chenye mwongozaji mwanamme peke yake huishia barazani, sahani zinaletwa, na somo la kupika linageuka kuwa kula. Chukuchuku ya samaki hujui ilivyotiwa ndimu, wala nazi hukuiona ikichujwa. Ikiwa upishi ndio uliowaleta, dai mwanamke mwongozaji, na kama kikundi kina wanaume, uliza wao watafanya nini saa hiyo. Jibu zuri ni shughuli ya kweli, kwenda kwa fundi wa mashua au shambani. "Watasubiri kwenye gari" si jibu.

La tatu, kipimo cha maarifa. Waongozaji wa Zanzibar wanatakiwa wawe na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar na kitambulisho. Omba kukiona, ni haki yako. Ila kitambulisho hakipimi kichwa. Muulize swali moja la mahali mnapokwenda. Magofu ya Pujini, Pemba: tutaona nini? Anayeijua atakwambia ukuta wa ngome, kisima, na chumba cha chini kwa chini chenye umbo la siwa (baragumu la kifalme) ukutani, kisha ataanza hadithi ya Mkama Ndume, mtawala wa pale, na wake zake wawili. Chwaka Tumbe: atakutajia msikiti na makaburi, la Haruni na ya ukoo wa Wamazrui. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani: atajua maandishi yake ya Kikufi, mtindo wa zamani wa hati za Kiarabu, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107. Anayejibu "magofu ya zamani sana ya Waarabu" atakupa maneno hayohayo siku yenyewe, kwa saa nzima.

Na popo wa Kidike, Pemba. Popo wa Pemba hapatikani kwengine duniani, alikaribia kwisha miaka ya 1980, na vijiji ndivyo vilivyomrudisha. Mchana analala amening'inia. Wapo waongozaji wanaopiga makofi ili aruke wageni wapate picha, jambo linalomchosha mnyama bure juani. Uliza mapema, na ukiambiwa "tutawarusha" hiyo safari iache. Nenda na anayepanga kufika jioni na kungoja magharibi, popo wakitoka wenyewe kutafuta chakula.

Idadi ya watu

"Kikundi kidogo" kwa kampuni moja ni wanne, kwa nyingine kumi na wanne. Kwa shughuli za ndani ya nyumba sita ni wengi wa kutosha. Kwa magofu na misitu nane wanavumilika. Zaidi ya hapo mnaingia magari mawili na mwongozaji mmoja, na gari la pili linasikia hadithi kwa dereva. Taka idadi ya juu iliyoandikwa, si "kwa kawaida". Pia uliza wakijitoa wawili dakika ya mwisho bei yenu inapanda au inabaki. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa bandarini unapotoka.

Bei: ipasue kwanza

Chukua mfano, namba ni za kufundishia tu. Safari ya kwanza ni shilingi 95,000 kwa mtu, watu 12, saa 8, vituo 5. Ya pili ni 150,000, watu 6, saa 7, vituo 2. Kwa macho, ya kwanza ni rahisi. Sasa uliza visivyomo. Ya kwanza: viingilio 20,000, mashua 15,000, chakula 15,000. Imeshafika 145,000. Ya pili ina vyote ndani. Tofauti ni 5,000.

Endelea na muda. Ya kwanza, kati ya saa 8, barabara inakula 4 na chakula 1. Zinabaki 3 kwa vituo 5, yaani dakika 36 kila kimoja, pamoja na kushuka na kupanda gari. Ya pili, barabara saa moja na nusu, chakula saa 1. Zinabaki saa nne na nusu kwa vituo viwili, saa mbili na robo kila kimoja. Dakika 36 hazitoshi hata salamu za kijiji kikamalizana nawe. Fanya hesabu hii kwa kila kampuni, dakika za mahali dhidi ya dakika za gari, na utaona nyingi zinaanguka zenyewe.

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na barabara zake zina vilima na kona. Feri inashusha Mkoani, kusini. Msitu wa Ngezi uko mwisho wa kaskazini-magharibi. Ratiba ya siku moja inayotaja Ngezi, Misali na Pujini pamoja ni ya kukataa bila kuuliza zaidi. Pemba inataka usiku mbili: siku moja ya kaskazini (Ngezi, Chwaka Tumbe, Wete) na moja ya katikati na baharini (Pujini, Kidike, Misali). Mwenye siku moja tu abaki Unguja, aende Tumbatu au Makunduchi, naye hatokuwa amekosa.

Angalia pia bei ya mkaazi na ya mgeni wa nje. Viingilio vingi vina viwango viwili, na kampuni nyingine humtoza Mtanzania cha mgeni. Chukua kitambulisho. Jamaa zenu wanaotoka nje ya Tanzania wakumbushwe kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje analipia bima ya safari ya Zanzibar, dola 44, mbali na bei ya safari.

Ujumbe wa kutuma

Tuma maneno yaleyale kwa kampuni zote, ili majibu yalingane:

"Assalaam alaykum. Tupo watu wazima wanne na mtoto wa miaka sita, tunataka Pemba tarehe fulani hadi fulani. Naomba kujua: maji yanapwa saa ngapi siku ya boti, idadi ya juu ya watu, nani mwenyeji wetu kijijini na kama sheha anajua, kuna mwongozaji mwanamke, bei ina nini ndani na nini nje, boti ina jaketi za kuokolea ngapi na ipo ya mtoto, upepo ukizuia boti tunarudishiwa nini. Ahsanteni."

Majibu yapime kwa ukamilifu, si kwa upesi. Swali la jaketi ya mtoto na la upepo ndiyo yanayorukwa sana, nayo ndiyo ya kushikilia. Jibu la haki la upepo huwa moja kati ya matatu: siku mbadala, kituo cha nchi kavu chenye thamani ileile, au fedha ya boti irudi. Malipo ya awali yaende kwa jina la kampuni lililo kwenye leseni, mpewe risiti. Namba ya simu ya mtu binafsi isiyo na jina la kampuni, hata akiwa mkarimu vipi, inakuacha bila pa kushika siku mambo yakiharibika.

Kampuni mbili zikilingana kwa yote hayo, chagua inayolala kijijini au karibu, badala ya inayorudi mjini kila jioni. Na mkiwa mashambani, karafuu msinunue kwa kilo kutoka kwa mchumaji, hata akikuonea imani akakuuzia. Biashara yake Zanzibar ina sheria, na mzigo unaweza kuzuiwa bandarini. Pakiti ya dukani yenye risiti inatosha kwa pilau ya mwaka mzima.