Namna ya Kutuliza Uchungu wa Saga na Managu

Katika eneo lote linaloanzia ufuoni mwa Ziwa Viktoria pale Kisumu, likapanda hadi Kisii, Kakamega na Kericho na kuishia Nakuru, chakula ambacho watu hukitamani wanapokuwa wamechoka, wametoka hospitalini au wamejifungua ni mboga chungu pamoja na ugali wa wimbi au wa mtama. Saga, ambayo Waluo huiita akeyo, Wakisii chinsaga na Waluhya tsisaka, hupewa mama aliyejifungua karibu katika kila jamii ya eneo hili, na managu hufuata nyuma yake. Hata hivyo, vijana wengi wanaopanga mijini huzikwepa mboga hizi, au huzikaanga kwa mafuta mengi na nyanya kana kwamba ni sukuma wiki, kisha hulalamika kwamba hazimezeki. Uchungu wa mboga hizi haufai kuondolewa wote, kwa kuwa ukiisha, ladha nayo imeisha. Unachotakiwa kufanya ni kuutuliza, na kwa kazi hiyo majirani wa magharibi mwa Kenya wana njia kadhaa ambazo mpishi yeyote anaweza kujifunza na kuchagua inayomfaa.

Kazi huanza sokoni. Nenda mapema, iwe ni Kibuye siku ya Jumapili ambapo soko la Kisumu hufurika, au Luanda kule Vihiga, au Soko la Wakulima mjini Nakuru, kwa maana majani yaliyopigwa na jua hadi saa nane hunyauka na kuzidi uchungu. Chukua bua la saga ulikunje: likikatika mara moja kwa mlio, ni changa, likijipinda bila kukatika, limekomaa na litabaki na nyuzi mdomoni. Saga iliyokwisha kutoa maua mengi iache. Matundu madogo ya wadudu kwenye majani yasikutishe, lakini usione haya kumuuliza mama muuzaji mboga zake zimelimwa wapi, kwa kuwa mijini kuna watu wanaolima kando ya mitaro ya maji machafu, na muuzaji mwaminifu atakujibu bila kukasirika.

Usinunue saga peke yake. Kuchanganya ndiyo njia ya kwanza ya kutuliza uchungu, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote: mafungu mawili ya saga, moja la managu na moja la majani ya kunde yatakupa mchanganyiko ambao hata mgeni ataupokea vizuri. Asiyezoea kabisa aongeze mchicha au majani ya malenge, ambayo hayana uchungu na hulainisha chungu kizima. Majani haya husinyaa sana yakipata moto, kwa hiyo sufuria ya lita tano iliyoshindiliwa majani hadi ukingoni itatosha watu wanne au watano tu.

Kuchambua ndiko kunakowashinda wengi, na ndiko ninakotaka usiharakishe. Shika bua la saga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uchume majani pamoja na ncha laini, ukiacha mabua na vitumba vya maua. Mabua ya saga yana vinyweleo vinavyonata, na baada ya fungu moja vidole vitaanza kugandana na kutoa harufu kali ya mmea ule ambayo haitoki kwa kunawa mara moja. Harufu hiyo ni dalili kwamba mboga ni mbichi kweli. Kwenye managu, ondoa matunda yote, hasa yale ya kijani ambayo hayajaiva, kwa sababu yana sumu ya jamii ile ile inayopatikana kwenye viazi vilivyogeuka kijani. Osha majani yakiwa mazima, kwa maji mengi, mara tatu ikiwa ni msimu wa mvua na udongo umeruka juu. Usiyakate kabla ya kuyaosha, kwa maana utomvu na vitamini zitakwenda na maji. Kwa upande wangu, saga siikati kabisa. Managu na kunde huzipitishia kisu mara moja tu.

Chemsha maji kidogo, yanayofika robo ya sufuria, utie chumvi, kisha utangulize saga na kunde kwa dakika kumi kabla ya kuongeza managu, ambayo hulainika upesi. Acha vyote vitokote dakika kumi na tano zaidi. Usifunike sufuria kwa dakika za mwanzo: majani yanapochemka hutoa asidi inayopanda na mvuke, na ukifunika, asidi hiyo hurudi ndani na kuyageuza majani yawe ya rangi ya udongo. Wapishi wengi humwaga maji yote ya kwanza ili kupunguza uchungu. Mimi nashauri umwage nusu tu, na ikiwa umechanganya vizuri usimwage hata tone, kwa sababu maji hayo hubeba vitamini C na sehemu ya madini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye kile cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha kwamba mboga za kienyeji zina utajiri wa lishe ambao watu waliudharau. Ni hasara kuununua utajiri huo sokoni na kuumwaga kwenye sinki.

Sasa yanakuja maziwa, na hapa ndipo mikono ya Waluo, Wakisii na Wakalenjin inapokutana. Maziwa hutuliza uchungu kwa njia mbili: protini zake hushikamana na viini vikali vya majani, na mafuta yake huufunika ulimi. Tumia maziwa freshi yaliyokwisha kuchemshwa, wala usitumie yaliyoanza kuchacha, kwa maana yatakatika na kubaki mabonge yanayoelea. Kwa sababu hiyo hiyo, nyanya haziingii katika chungu hiki. Asidi yake huyakata maziwa, na pia huifanya mboga ifanane na mboga nyingine yoyote. Punguza moto hadi uwe wa makaa yaliyokwisha kushika majivu, au gesi iliyo chini kabisa, umimine kikombe kimoja cha maziwa, ugeuze mara moja na uache. Maziwa yataanza kupanda pembeni kwa vipovu vidogo, kisha yatanywea na kuacha duara la kahawia kwenye ukingo wa ndani wa chungu. Kwangua duara hilo kwa mwiko ulirudishe ndani, kwa maana ndipo ladha ilipojikusanya, halafu umimine kikombe kingine. Nusu lita kwa jumla inatosha kwa siku ya kwanza.

Ninasema siku ya kwanza kwa sababu mboga hii hulala. Katika nyumba nyingi za Nyanza, akeyo na osuga, yaani saga na managu, hupikwa leo, hupashwa kesho kwa maziwa mengine, na huliwa vizuri hasa siku ya tatu, wakati majani yamekunywa maziwa hadi hujui yanapoishia na maziwa yanapoanzia. Chungu cha udongo ndicho bora kwa kazi hii, kwa kuwa hushika joto taratibu na hakiunguzi chini. Sufuria nzito nayo inafaa. Ikiwa una friji, hifadhi humo mara tu mboga inapopoa. Ikiwa huna, ni lazima uichemshe hadi itokote kila asubuhi na kila jioni, tena yote, si sehemu ya juu tu, kwa kuwa joto la Kisumu haliyasamehi maziwa. Mboga iliyotoa harufu ya uchachu ambayo hukuikusudia mwage bila kuhurumia gharama. Anayependa kitunguu akikaange kidogo kwa samli na kukiongeza siku ya kula, wala asikipike pamoja tangu mwanzo. Viungo vya pakiti viache rafuni.

Wakalenjin wa Kericho na wale wanaoishi Nakuru huongeza krimu iliyokusanywa juu ya maziwa, kijiko kikubwa au viwili karibu na mwisho, na pembeni huweka kikombe cha mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Ukali wa mursik na uchungu wa managu hukamilishana vizuri mno, mradi uvile viwili bila kuvichanganya chunguni.

Waluhya wana njia isiyohitaji maziwa hata kidogo, nayo ni munyu. Makapi makavu ya maharagwe huchomwa, majivu hutiwa kwenye chombo chenye matundu madogo chini, maji humiminwa juu yake polepole, na yanayochuruzika chini, yenye rangi kama ya chai nyepesi, ndiyo munyu. Maji haya hulainisha nyuzi za majani, huhifadhi rangi ya kijani na huupunguza ukali. Kijiko kimoja au viwili vya mezani vinatosha sufuria nzima. Ukizidisha, mboga itateleza kama sabuni na kuacha ladha ya majivu kooni, na tena vitamini C na baadhi ya vitamini B huharibika katika maji ya namna hiyo. Wasiopata munyu hutumia magadi, ambayo ni makali zaidi: chukua kipande kidogo kama punje ya mahindi, ukiyeyushe kando kwanza, na mwenye shinikizo la damu ayaepuke.

Munyu hung'aa zaidi kwenye mrenda, mboga ya majani yanayoteleza. Chemsha vikombe viwili vya maji na kijiko cha munyu, tia majani ya kunde kwa dakika kumi, kisha ongeza mrenda uliokatwakatwa na ukoroge bila kuondoka jikoni, kwa maana povu lake hupanda na kuzima moto mara moja. Baada ya dakika saba au nane utateleza na kuvutika ukiinua mwiko, na hapo uko tayari.

Busia, hasa kwa Wateso, maziwa hushikiwa nafasi na karanga au ufuta uliokaangwa na kusagwa hadi ukawa laini. Hii ndiyo njia ninayompa yeyote ambaye maziwa humsumbua tumbo. Kwa sufuria ile ile, koroga vijiko vitatu vikubwa vya karanga zilizosagwa katika kikombe cha maji ya vuguvugu hadi mabonge yaishe, umimine juu ya mboga iliyoiva, na ukoroge mara kwa mara kwa dakika kumi juu ya moto mdogo, kwa kuwa karanga hushika chini upesi.

Mboga hizi hudai ugali wa rangi ya udongo. Changanya vikombe vitatu vya unga wa wimbi na kimoja cha unga wa muhogo uliokaushwa vizuri na mtu unayemwamini, kwa maana wimbi peke yake humeguka na muhogo huupa mvuto. Koroga nusu kikombe cha unga huo kwa maji baridi, umimine kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka hadi upate uji mwepesi, uuache utokote dakika tatu, kisha uongeze unga kidogo kidogo huku ukisonga hadi ugali ukatae kupokea zaidi. Huenda usiumalize unga wote. Funika dakika tano kwa moto mdogo, geuza, funika tena. Wimbi halidanganyi kama mahindi: usipoiva, utausikia unga mbichi kwenye meno.

Januari na Februari, jua linapokausha mashamba na saga kuadimika, tegemea ile uliyoikausha wakati wa mvua za masika. Tumbukiza majani yaliyochambuliwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yachuje, uyatandaze kivulini juu ya kitambaa safi kwa siku kadhaa hadi yavunjike yakifinywa, na uyafunge kwenye mkebe usioingiza hewa. Siku ya kupika, yaloweke kwa saa moja kwenye maji ya vuguvugu, kisha uanze moja kwa moja kwenye hatua ya maziwa, ukiongeza kikombe kimoja zaidi, kwa kuwa majani makavu hunywa kuliko mabichi.